Neno "Mbaya" Katika Kaye Yangu

Ninyi vijana munaoanza kazi kwenye institi yetu ya utafiti wa ubongo, Mama Odette ameniomba niwaandikie maneno ya kuwapa moyo. Nilimwambia mimi si mtu wa kuwapa watu moyo, mimi ni mtu wa kuwaambia mufunge vizuri sanduku la mashini kabla ya kupanda pikipiki. Alicheka tu, akasema andika hivyohivyo. Basi. Naitwa Bauma. Nimefanya miaka mingi nikibeba mashini ya kusoma umeme wa ubongo kwenye vilima vya Masisi na njia za msitu za Walikale, mpaka magoti yakakataa. Mukiona mahali ninawakaripia, jueni ninawapenda. Mukiona mahali ninajisifu, rukeni mistari miwili mitatu, nitakuwa nimenyamaza.

Nianze na fromaji, yaani jibini, maana ndiyo iliyonifundisha kufundisha.

Siku za mwanzo institi ilikuwa vyumba viwili, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuzunguka shule za sekondari tukieleza jinsi ubongo unavyofanya kazi. Bure, kwa yeyote aliyetufungulia mlango. Watoto waliujua ubongo kama mchoro mmoja ndani ya kitabu cha biolojia, na mara nyingi ukurasa wenyewe ulikuwa umeshachanwa. Ubongo wa plastiki wa kuonyesha hatukuwa nao. Mama Odette, aliyeanzisha kikosi chetu na kunifundisha karibu kila ninachokijua, akasema, "Papa Bauma, tafuta kitu cha hapa hapa chenye kufanana na bongo." Masisi utatafuta nini? Nilichukua fromaji mbichi, ile ya duara, kabla haijakauka. Ukiibonyeza kwa kidole inabaki na shimo. Niliiweka juu ya meza nikaikata kwa uzi: mbele ni pa kupanga mambo na kujizuia, nyuma ni pa kuona, pembeni ni pa kusikia na kusema.

Mara ya kwanza, shule moja juu ya Kibabi, niligeuka kuandika ubaoni. Kugeuka tena, sehemu ya kujizuia imeliwa. Nilikasirika hata somo lenyewe likanitoka. Niliporudi na kusimulia, Mama Odette alicheka mpaka akakaa chini. "Wale njo wenye kuihitaji zaidi," akasema. Tangu hapo fromaji yetu ililiwa na darasa zima mwisho wa somo, kila mmoja akitaja sehemu anayokula, na sijakuta mwanafunzi aliyesahau. Walikale, ambako fromaji haifiki, nilitumia bugali wa muhogo uliopoa. Haukuwa mtamu vile, lakini uliliwa.

Sasa mashini. Munayo mupya, nyepesi, na mushukuru. Yetu ilikuwa na kofia ya kitambaa yenye visahani vidogo vya chuma, kila kimoja na waya wake, na ordinateri, yaani kompyuta, inayochora mistari. Mashini hii haiingizi umeme kichwani wala haitoi kitu, inasikiliza tu, na mutaeleza hilo kila kijiji tena na tena. Chini ya kila kisahani unaweka jeli inayopitisha umeme. Kisahani kikishika vizuri ngozi ya kichwa, taa yake ni kijani. Kisiposhika, ni nyekundu, na mistari inatoka na manyoya kama kamba iliyochakaa.

Mambo matatu hamutayapata kwenye kitabu cha maelezo. Kofia ivaliwe kwanza na mama mkubwa wa pale, acheke, watoto wamuone akicheka. Nywele zitenganishwe kwa mkia wa kitana, kamwe si kwa kucha. Na kwa waliosuka, mutume habari mapema: mama mmoja msusi wa Sake alinionyesha jinsi ya kupitisha mistari ya nywele ili visahani vikae katikati yake. Alinitengenezea hata mchoro kwenye karatasi ya sabuni. Yule mama sikumshukuru vya kutosha, na simjui alipo leo, kwa vile watu wa Sake wamehama vita na kurudi mara nyingi. Ninamshukuru hapa.

Halafu iko kanuni yetu, ile iliyonitoa jasho. Institi yetu haitafuti faida na haifungii kitu. Kila tulichopima na kila somo tulilotunga kinawekwa kwenye internet, majina ya watoto yakiwa yametolewa, ili mwalimu yeyote akichukue akitumie. Hata kaye zetu, yaani daftari za safari, zinapigwa picha na kuwekwa zote, na yangu imo, pamoja na mwandiko ambao hata mimi unanishinda.

Mimi nilikataa. Nilimwambia Mama Odette, "Siku mashini inakataa, niandike nini? Watu wa Walikale na wa Goma wasome kwamba Bauma ameshindwa?"

"Andika imekataa," akasema. "Kama sisi hatujui kwa nini, kuna muntu pahali fulani atajua."

Niliona ni maneno ya watu waliosoma kupita kiasi. Lakini yeye ndiye mkubwa wa kazi, nikaandika. Nilichokuwa ninaandika ni neno moja, "mbaya," bila kueleza, nikifikiri nimemkomesha.

Ndipo tukapanda kwa wafugaji.

Muganga wa kituo cha afya cha chini ya Kibabi ndiye aliyetuita. Juu kwenye malisho kulikuwa na watoto wachache ambao watu walisema "wanapotea." Hawaanguki, hawatoi povu. Mtoto anasema nawe, anakatika katikati ya neno, macho wazi, pumzi kadhaa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichopita. Kile nacho ni kifafa. Watu wetu hawakijui kwa sababu wanajua kile tu cha kumtupa mtu chini. Dawa yake ipo, lakini muganga hakutaka kuanza dawa kabla hatujapima, maana mtoto mwenye njaa au usingizi naye hutazama mbali.

Tangazo lilitolewa kanisani Jumapili, sisi tukafika Jumatatu. Na wamama walikuwa wamejitayarisha. Kule juu, mgeni akija kumshika mtoto wako kichwa, humleti na kichwa kikavu. Ni aibu kwa nyumba. Waliwaogesha watoto, kisha wakawapaka nywele mafuta ya ng'ombe, ile siagi mpya ya maziwa yaliyotikiswa kwenye kibuyu, mpaka vichwa vikang'aa. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Na mimi, mtoto wa wakulima wa maharage na viazi, niliwapongeza. Nilisema, "Wamama, mumetuheshimu." Kisha nikachukua jeli yangu nikaiweka juu ya siagi.

Taa zote nyekundu. Niliibonyeza kofia, nyekundu. Nililaumu baridi, nikalaumu ukungu, nikalaumu betri, nikamlaumu aliyetuleta kwa pikipiki kwamba ameitikisa mashini kwenye mawe. Watoto wakaanza kulia. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mji wa Masisi, na nilijua njia ile ikilowa hatushuki. Mtoto baada ya mtoto, kwenye kaye nikaandika: mbaya, mbaya, mbaya.

Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi, Divine. Mama yake, Mama Espérance, ni muuza maziwa, huyateremsha kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, mpaka barabarani kila asubuhi. Mwalimu alikuwa amemrudisha Divine nyumbani. Alisema mtoto ana dharau, unamuuliza swali anakutazama tu bila kujibu. Kama ni mgonjwa, akasema, mama alete karatasi ya kituo cha afya. Kwa hiyo yule mama hakuja kwa ajili ya sayansi yetu. Alikuja kutafuta karatasi ya kumrudisha mtoto wake shule, na alisimama nyuma yangu muda wote akiwa ameshika kaye ya Divine ya hesabu.

"Papa," akaniuliza, "mashini imesema nini?"

Nilikuwa ninakunja waya, nimempa mgongo, ninasikiliza mvua. Nikasema, "Mama, hakuna kitu."

Vijana, simameni hapo kidogo. Mimi nilitaka kusema hakuna kitu nilichopata kuona. Yeye alisikia kwamba kwenye kichwa cha mtoto wake hakuna ugonjwa. Na alikuwa na haki ya kusikia hivyo, maana ndivyo nilivyosema. Alinijibu, "Aksanti, Papa," akanipa kikombe cha maziwa. Niliyanywa yote nikashuka.

Miezi ikapita. Mimi nilikuwa nimeshasahau, na hilo ninalisema kwa aibu.

Siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya kazi, kutoka Walikale. Nimeuhifadhi mpaka leo. "Bonjour, Papa Bauma. Miye ni Safi, mwalimu wa biolojia huku Walikale. Watoto ya darasa yangu wanajifunza na kaye yako ile ya internet. Wameuliza swali na miye nimekosa jibu. Kila pahali umeandika 'mbaya' mara moja ao mbili tu. Lakini kwa ile kilima ya wafugaji, watoto yote ni 'mbaya.' Na kesho yake kwa Kibabi mashini ilikuwa muzuri. Sasa wanauliza, kuna kitu watoto ya kule walikuwa nayo kwa kichwa?"

Hasira yangu iko karibu, anayenijua anajua. Niliizima simu. Nilimwambia Mama Odette kwamba tazama sasa matunda ya kufungua milango, mwalimu mtoto wa juzi anatukagua mimi na mashini yangu. Nilisema mengi. Aliniacha nikamaliza, kisha akavuta kiti.

"Niambie ile siku," akasema. "Polepole. Mulifika, halafu?"

Nikaanza. Tulifika, tukasalimia, wamama walikuwa wamewaogesha watoto, wamewapaka... Mafuta. Mama Odette alisimama, akaenda jikoni, akarudi na siagi kidogo kwenye kijiko.

Kichwa changu ni upara, munakijua. Alinipaka upande wa kushoto, wa kulia akauacha, akanivalisha kofia. Nikageuza macho kwenye ordinateri. Kulia taa za kijani tupu. Kushoto nyekundu tupu. Mafuta hayapitishi umeme, na mimi nilikuwa ninafundisha hivyo kwenye madarasa, kwa mdomo huu. Mama Odette alitazama nusu hizo mbili za kichwa changu akajaribu kujizuia asicheke, akashindwa, na mimi nikashindwa pia.

Kisha akaacha kucheka akauliza, "Na wale wazazi, uliwaambia nini?"

Swali hilo mwalimu Safi hakuliuliza, hakuwa na njia ya kulijua. Nilimwambia Mama Odette nilichomwambia Mama Espérance. Nikaomba tumtume muganga akaeleze, yeye yuko karibu.

"Hapana," akasema. "Ulisema wewe. Panda wewe."

Kabla ya kulala nilimpigia mwalimu Safi. Nilitafuta maneno makubwa nikayakosa, nikasema tu: "Mwalimu, aksanti, wewe na darasa lako. Kosa ni langu." Nilisikia darasa lake likishangilia, maana alikuwa amewaita watoto wake wa bweni wasikilize. Sikukasirika. Na chini ya yale maneno "mbaya" kwenye kaye niliongeza mstari, nao uko kule kwenye internet mpaka leo, kasomeni: "Watoto walikuwa na mafuta ya ng'ombe kichwani. Fundi hakuuliza."

Njia ya Sake ilifungwa siku kadhaa, ikafunguka, nikapita Mubambiro kwenye kizuizi cha askari, nikapanda. Kule juu nilimkuta Divine akichunga ndama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jipya kutoka kiganja mpaka kiwiko. Alikuwa anachemsha maziwa akapotea, sufuria ikammwagikia. Na kwa maziwa yaliyomwagika mama yake alimpiga. Alinieleza mwenyewe Mama Espérance, tukiwa tumesimama uani, kwa sauti ya mtu anayesimulia shida ya kawaida: "Nilimuambia aache kujifanya. Nilimuambia, Papa wa mashini alisema hakuna kitu."

Nimepita mahali pa hatari katika kazi hii. Sijapata kuogopa kama pale. Nilivua kofia yangu nikamwambia, na majirani wawili wakiwa wanasikia, kwamba mashini haikusema hakuna kitu, mashini haikusikia, na mimi sikuwa nimeuliza kuhusu mafuta, na nilisema neno nisilolijua kwa sababu ya mvua. Nikamwambia pengine mtoto hakuwa anajifanya.

Mama Espérance alimtazama Divine kule kwa ndama. "Papa," akasema, "kumbe nilimupiga bure?"

Nikamjibu kwamba sijui bado. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo. Nikamwomba tupime tena.

Hakunilaani. Ninamshukuru kwa hilo kila siku ninayoamka. Alienda kuleta maji ya moto na sabuni, akamkalisha Divine kwenye kigoda, akamuosha nywele mwenyewe, mara tatu, akizisugua kwa kitambaa mpaka maji yakatoka meupe.

Yaliyofuata baadaye niwaambie mapema, musikae na wasiwasi. Divine alianza dawa wiki ile na shule ilimpokea. Nilienda nikasimama mbele ya mwalimu wake na darasa zima, nikasema kosa langu kwa sauti, na mwalimu akasema lake. Wale watoto wengine tuliwapima wote upya, na wawili nao walipata dawa. Darasa la Safi liliandikwa kwenye ripoti yetu, kila mwanafunzi kwa jina lake, kwa ruhusa yao, kama watu waliosahihisha kazi ya institi. Miaka yangu yote ya kazi, ile ndiyo ripoti ninayoitunza nyumbani. Lakini ninalotaka mulibebe ni la pale uani, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Nilivalisha kofia. Taa zote kijani. Nilimpa Divine feni ya karatasi kwenye kijiti, ile munayotengeneza ninyi kwa kukunja, nikamwambia aipulize bila kuacha, kwa nguvu, isisimame. Mtoto mwenye kifafa cha namna ile ukimpulizisha hivyo, mara nyingi kinakuja chenyewe mbele yako, bila kumuumiza. Nikamwomba Mama Espérance aje akae upande wangu, atazame ordinateri na mimi. Nilimwonyesha: mistari hii ni mtoto wako anapuliza, anawaza, anatuona.

Feni ilizunguka. Mistari ilikuwa midogo, imetulia. Mama alikuwa anaangalia bila kupepesa. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilianza kuwaza nitamwambia nini nikikosa kuona kitu tena.

Halafu feni ikasimama. Kwenye ordinateri mistari yote, kila mmoja, ilipanda kwa pamoja ikawa milima mirefu iliyofuatana, mikubwa hata mimi sikuwa nimeona vile. Divine alikuwa amekaa wima, macho wazi, midomo bado imekaa ya kupuliza. Nilimwita. Hakuna. Mama yake akamwita, "Divine," polepole, kama watu wanavyomwita aliyelala, kisha akamwita kwa nguvu. Akasogea akapitisha mkono mbele ya macho yake. Mtoto alimtazama kama anavyotazama ukuta. Milima ikaendelea kupanda na kushuka, na yule mama akageuza macho kutoka kwa ordinateri kwenda kwa mtoto, kutoka kwa mtoto kwenda kwa ordinateri, na machozi yakaanza kumshuka.

Mistari ikaanguka, ikatulia. Feni ikaanza tena kuzunguka. Divine alipuliza mara mbili tatu, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha. Alinitazama mimi, akawatazama majirani, na nikaona mkono wake wenye kovu ukijikunja kifuani.

"Mama, unalia nini?" akasema. "Miye sijafanya kitu."

Mama Espérance alipiga magoti kwenye udongo ule uliolowa maji ya sabuni, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Najua, mama yangu," akamwambia. "Haukufanya kitu. Hata ile siku, haukufanya kitu."